Kilo Kumi kwa Wiki Mbili

Mizani ililia kabla Esnath hajawasha tochi. Kwii… ta! Ndivyo ilivyolia kila ilipobebeshwa gunia: kilio kirefu cha chuma, kisha pigo moja fupi. Alfajiri ile, ndani ya stoo iliyojaa giza na harufu ya udongo mbichi, ililia kwa ajili yake. Alisimama peku juu ya bamba, khanga moja kifuani na nyingine mabegani, baridi ya Makambako ikimpanda kwa nyayo. Alisubiri chuma kitulie, akabonyeza tochi ya simu, akamulika ule uso wa mviringo.

Mshale mwekundu ulikuwa umesimama kwenye themanini na sita.

Akashuka. Akapanda tena. Kwii… ta! Themanini na sita.

Wiki mbili kabla ya hapo, mizani ya kliniki ya sukari mjini Njombe ilikuwa imesema tisini na sita. Nesi aliyempima, mwanamke mfupi aitwaye Feliciana, mwenye sauti ya mwalimu wa kwaya, alimketisha na kumwekea mambo mezani. Sukari ya damu ilikuwa imepanda. Mwili ulikuwa umezidi. Alitakiwa ameze vidonge asubuhi na jioni, na apunguze chakula.

"Ugali ngumi moja, mama. Ngumi yako, siyo ya baba. Mboga za majani viganja viwili. Soda ndiyo mnaagana leo. Ukifuata hivyo utapungua nusu kilo kwa wiki. Ukijitahidi sana, kilo moja."

"Nusu kilo!" Esnath alikuwa amecheka. "Sista, nusu kilo si ya kupima sukari dukani? Jirani yangu ana unga anauza kwenye simu, umeandikwa kilo kumi kwa wiki mbili."

Feliciana hakucheka. "Kilo kumi kwa wiki mbili hazipungui, mama, zinakimbia. Na kikikimbia kitu mwilini, kuna kinachokikimbiza. Ukiona hivyo usishangilie. Njoo hapa siku hiyo hiyo." Kisha akaongeza, akiandika kwenye daftari, kwamba ajipime mara moja kwa wiki, asubuhi, kwenye mizani ile ile.

Hilo la mizani ile ile ndilo Esnath aliloliacha mlangoni. Atoke kwao Kitandililo, pale Makambako, aende Njombe kila wiki kukanyaga mizani, na mumewe ana mizani ya chuma uani inayobeba gunia mbili kwa mpigo? Kilo ni kilo, alijiambia. Mke wa mnunuzi wa viazi afundishwe kilo?

Sasa alikuwa amesimama mbele ya mshale na furaha ikampanda kifuani, fupi, kama moto wa nyasi. Kumi! Kula kwa ngumi kumemlipa! Kisha moto ukazimika, na majivu yake yakawa baridi kuliko sakafu. *Kuna kinachokikimbiza.*

Akamkumbuka Erica.

Erica alikuwa dada yake mkubwa, aliyeolewa Ipelele huko juu Makete, mwanamke wa mapaja na kicheko. Mwaka ule wa elfu mbili na tatu alianza kupungua. Mwezi wa kwanza watu walimsifu. Mwezi wa pili wakanyamaza. Mwezi wa tatu wakaanza kuhesabu safari za mumewe. Esnath, binti wa miaka ishirini na tano wakati huo, ndiye aliyepanda kumchukua. Alimbeba mgongoni kutoka nyumbani hadi barabara ya magari, mteremko mzima, wala hakuhema. Hilo ndilo lililomliza njiani: kwamba hakuhema. Mtu mzima mgongoni, na uzito wake ni wa kuni kavu. Mwezi uliofuata walimzika, na hakuna aliyetaja jina la ugonjwa. Walisema tu, kwa sauti ya chini, amekanyaga waya.

Siku hizi dawa za virusi zipo. Esnath alijua hilo kama kila mtu anavyojua. Kwenye kwaya yao kulikuwa na watu watatu wanaomeza dawa zile, wanalima, wanaimba, mmoja amejenga. Lakini hofu haisomi mabango ya kliniki. Hofu hukaa pale ilipozaliwa, na ya kwake ilizaliwa kwenye mteremko wa Ipelele.

Alizima tochi, akatoka kwa ncha za vidole kama mwizi katika stoo ya mume wake mwenyewe.

*

Alipaswa kwenda Njombe siku hiyo hiyo. Ndivyo alivyoagizwa. Badala yake alikaa jikoni na kikombe cha chai ya rangi, akimtazama wifi yake akimenya njegere. Priska, dada yake mumewe Aron, alikuwa akija karibu kila siku. Mdomo wake ulikuwa na kazi mbili, kula na kusema, na zote aliziweza kwa pamoja.

"Wifi, mbona umepoa? Njaa ya nesi?"

Esnath hakupanga kusema. Likamtoka. "Nimepungua kilo kumi."

"Kumi!" Mikono ya Priska ikasimama juu ya bakuli. "Kwa wiki ngapi?"

"Mbili."

Priska akamtazama. Akaanzia shingoni, akapanda mashavuni, akashuka mikononi. Jana yake alikuwa amemwambia Esnath kwamba gauni lile bado linambana. Lakini mtu akishaambiwa, macho nayo hutii.

"Kweli," alisema polepole. "Mashavu yameingia. Na hapa shingoni… Eh, wifi. Unalala vizuri? Hutoki jasho?"

"Jasho la nini na baridi hii?"

"Nauliza tu. Siku hizi mtu anauliza." Akachukua ganda la njegere, akalichana katikati bila kulitazama. "Na kaka anaenda sana Dar es Salaam na malori, au siku hizi anamtuma dereva peke yake?"

"Priska."

"Sijasema kitu mimi."

"Hujasema, lakini nimesikia."

Upepo ukapiga bati la jiko, nao wakajifanya wanausikiliza.

Tangu siku hiyo Esnath aliacha kuhesabu ngumi. Akili yake iligeuka juu chini: aliyekuwa akiomba kupungua sasa aliomba kunenepa. Vidonge alivitupia kwenye mfuko wa mkoba na kuvifungia zipu, maana aliona huenda ndivyo vinavyomyeyusha. Akarudia ugali wa mlima. Akala viazi vya kukaanga asubuhi, maandazi saa nne, makande mchana, na parachichi na mkate juu yake. Soda aliyoagana nayo aliikaribisha tena, mbili kwa siku, akizinywa amesimama nyuma ya choo ili Aron asione. Hakusikia utamu. Alikula kama mtu anayeziba paa huku mvua ikinyesha, anajaza hapa, anakimbilia pale, na bado anasikia maji.

Na kweli alisikia maji. Ikamwamkia kiu ambayo hakuwahi kuijua. Alikunywa jagi zima akalitafuta jingine. Kila saa alikwenda chooni. Jioni herufi za kitabu cha nyimbo zilianza kuogelea, na alipoinuka haraka ukuta ulimwinamia. Kila dalili aliiweka kwenye fungu moja. Erica naye alikuwa na kiu. Erica naye alishika ukuta.

Lakini kilichomtisha zaidi ya vyote ni Aron.

Aron Mgaya alikuwa mwanamume wa maneno machache na mikono mikubwa. Katika miaka ishirini na mitatu ya ndoa Esnath hakumwona akikwepa macho ya mtu. Sasa alikuwa anakwepa. Alipomwona Esnath karibu na stoo aliharakisha kufunga mlango. Alipoulizwa habari za Dar es Salaam alijibu za barabara. Mara mbili Esnath alimkuta anaongea na simu nyuma ya lori, na mara zote mbili aliikata. Jumapili kanisani, mchungaji alipofika kwenye maungamo, Esnath alimwona mumewe amekaza kope kama anayesubiri kuchomwa sindano.

Anajua, Esnath aliwaza. Anajua alichoniletea, na anangoja nikione mwenyewe.

*

Wiki mbili nyingine zikapita. Msimu wa viazi ulikuwa umepamba moto, na uani magunia yalipangwa hadi kwenye madirisha. Jumamosi asubuhi, vibarua walipokwenda kunywa uji kibandani, Esnath aliingia stoo. Safari hii hakuhitaji tochi. Mwanga uliingia kwa mlango wa mbele, ukimulika vumbi.

Alijifariji njiani. Wiki mbili nzima nimekula kama mchimba kisima. Nitakuta tisini. Nikikuta tisini nitapiga magoti hapa hapa.

Kwii… ta!

Themanini na tatu.

Kwanza hakulia. Alisimama akiangalia mshale kama mtu anavyoangalia nyoka ambaye bado hajaamua. Amekula, na umeshuka. Amejinenepesha, na umeshuka. Basi hakuna chakula duniani kitakachoushinda ugonjwa huu. Akamwona Yohanes, mwanawe pekee, akipigiwa simu chuoni Iringa. Akauona mgongo utakaombeba, na mwenye mgongo huo hahemi.

"Shuka!"

Aron alikuwa mlangoni. Uso wake ulikuwa umemwaga rangi yote.

"Mama Yohanes, shuka hapo! Nani kakwambia ukanyage hiyo?"

Esnath hakushuka. Alishika nguzo ya mizani kwa mikono miwili. "Kwa nini nisikanyage?"

"Ni ya viazi. Si ya watu."

"Unaogopa nione nini, baba Yohanes?"

Aron akageuka, akatazama uani, akausukuma mlango nyuma yake. Ile namna alivyousukuma, taratibu, ndiyo iliyomkata Esnath maini. Mtu hafungi mlango kwa sababu ya viazi.

"Nimeshajua," Esnath alisema. Sauti ilitoka nyembamba. "Usihangaike. Nataka tu niisikie kwa mdomo wako."

"Umejua nini?"

"Najua yote. Mshale umeniambia."

Aron akakaa juu ya gunia kama aliyekatwa miguu. Alivua kofia, akaikunja. "Ni Lenard, siyo? Lenard kasema."

Lenard alikuwa fundi wa mashine za kusaga, mtu wa mtaa wa tatu, mwenye mikono ya grisi na mzaha kwa kila mtu. Esnath akazidi kuing'ang'ania nguzo. "Kumbe hata Lenard anajua."

"Lenard ndiye aliyenianzishia."

"Lini?"

"Mwaka juzi, msimu kama huu. Nilikataa mara ya kwanza, Mungu ni shahidi. Akasema barabara nzima wanafanya, wewe peke yako ndiye unayejifanya mchungaji. Nikaona… nikaona nikijaribu mara moja tu haitadhuru mtu."

"Haitadhuru mtu!" Esnath alijishika kifua. "Na nani?"

"Na nani nini?"

"Ulifanya na nani, Aron!"

"Nimekwambia. Na Lenard."

Nje kuku alilalamika. Esnath alifungua mdomo, akaufunga, akaufungua tena.

"Wewe," alisema, "na Lenard."

"Mimi na Lenard tu. Vibarua hawajui, naapa. Anakuja wakiwa wameondoka. Dakika kumi tu, tumemaliza."

"Mungu wangu."

"Na ni kidogo, mama Yohanes! Kilo tano katika hamsini. Ni mwezi huu tu ndio tamaa imetuzidi, akaniambia tusogeze, zikawa saba."

Esnath alimtazama. "Kilo za nini?"

"Za viazi. Za nini tena?"

"Aron. Unaungama nini?"

"Mizani!" Naye sasa akashangaa, kofia imekwama kifuani. "Si umesema umejua? Mizani! Lenard anabana nati ya nyuma, springi inakuwa ngumu, gunia linasoma pungufu. Wewe ulidhani nini?"

Aron akainuka haraka, kama anayeogopa asipoonyesha sasa hatapata ujasiri tena. Kwenye kona palikuwa na mifuko ya saruji ya kukarabati choo. Akabeba mmoja, akamwashiria ashuke, akautua juu ya bamba. Kwii… ta!

"Soma kwenye mfuko."

"Kilo hamsini," Esnath alisoma.

"Soma mshale."

Arobaini na tatu.

Saruji haikanyagi waya. Saruji haina mume wa kwenda Dar es Salaam. Mfuko ulikuwa umekaa pale mzima, umefungwa kiwandani, haujapoteza hata punje, na mizani inasema umekonda kilo saba.

Esnath akaanza kucheka. Kicheko kilipanda, kikavunjika, kikawa kitu kingine, na Aron alipomkaribia alimpiga kifuani kwa ngumi zote mbili, ngumi zile zile za kupimia ugali.

"Wiki mbili! Wiki mbili nzima nimejizika mwenyewe! Nimechagua hadi nyimbo! Nimekuona wewe muuaji, nimeona mtoto yatima, nimeacha dawa—"

"Umeacha dawa?"

"Nilidhani ninakwisha! Nikaacha vidonge ninenepe! Nimekula kila kitu, Aron, nimekunywa soda hadi nyuma ya choo!"

Mwanamume yule wa mikono mikubwa akaitazama mizani yake, kisha mke wake, na Esnath aliona kitu kikimwingia machoni ambacho hakikuwa aibu tena. Kilikuwa hofu, mbichi, sawa na ile aliyoishi nayo yeye.

"Basi ile kiu," Aron alisema taratibu. "Jagi mbili kila jioni. Nimekuona ukishika ukuta. Nilidhani umenikasirikia tu, huongei. Nikaogopa kuuliza."

"Kwa nini uliogopa?"

"Ungeniuliza na mimi, ningejibu nini?"

Esnath alitaka kusema neno kali, lakini stoo ilikuwa imeanza kuzunguka polepole, na ulimi wake ulikuwa mkavu kama gunia. Furaha ya kutokufa ilikuwa imedumu kitambo kifupi tu. Nyuma yake ulisimama ugonjwa ule halisi, ule wenye jina alilopewa Njombe, ambao alikuwa ameulisha kwa mkono wake mwenyewe kwa wiki mbili.

"Leta spana," alisema.

"Twende kwanza hospitali—"

"Leta spana, Aron. Mzee Jastin analeta viazi mchana. Mimi siondoki hapa nikaiacha hii inamdanganya na yeye."

Alikaa juu ya gunia akimtazama mumewe akilegeza nati hadi mfuko wa saruji uliposoma hamsini.

"Na wa jana? Na wa juzi?" aliuliza.

"Nitawaambia."

"Utawaambia nini?"

Aron alifuta jasho kwa kofia. "Sijui bado. Twende, mama Yohanes. Tafadhali, twende."

*

Njombe kulikuwa na ukungu, na watu kwenye benchi la kliniki walikaa wamejikunyata kama ndege juu ya waya. Feliciana alimchoma Esnath kidole, akatazama kile kipimo kidogo, akaacha kuongea. Ilikuwa mara ya kwanza Esnath kumwona ameacha kuongea.

"Kumi na tisa," alisema hatimaye. "Hata kumi ingekuwa nyingi. Mama, ulikuwa unakula nini?"

Esnath akamwambia. Alianza na mizani ya stoo, na alipofika kwa Lenard, Feliciana aliweka mkono mdomoni, mabega yakitikisika. Alipofika kwenye vidonge mabega yakatulia.

"Panda hapa," alisema, akionyesha mizani ya kliniki.

Tisini na saba.

Kilo moja zaidi ya siku ya kwanza. Baada ya hofu yote ile, baada ya kulia na kufa na kufufuka, amerudi nyuma kwa kilo moja. Aliona aibu kali, ya mtoto aliyeshindwa mtihani mbele ya darasa.

"Kabla hujaniambia lolote," Esnath alisema, "nipime na kile kingine. Nimeogopa wiki mbili nzima. Nimechoka kukiogopa bila kukiona."

"Na mimi," Aron alisema kutoka mlangoni.

Esnath aligeuka. Mumewe hakukwepa macho. Lakini na yeye alikuwa amekunja kofia.

Dakika kumi na tano za kusubiri zilikuwa ndefu kuliko wiki zile mbili. Wafungwa wawili wa hofu walikaa benchi moja, magoti yamegusana. Esnath alijua sasa kwamba mshale ulisema uongo, alijua saruji, alijua springi. Bado mikono yake ilikuwa baridi. Aliwaza, kama ni mistari miwili, je? Akajibu mwenyewe: kama ni miwili, nitameza dawa kama wale wa kwaya, na nitaimba. Lilikuwa wazo dogo, lakini kwa wiki mbili hakuwa ameweza kulifikia.

Feliciana alirudi na vipimo viwili mkononi. Mstari mmoja. Na huku, mstari mmoja.

Aron alitoa pumzi kama tairi. Esnath alishika ukingo wa benchi tu.

"Sasa sikilizeni, maana huu ndio ugonjwa tulionao," Feliciana alisema. Alikuwa amerudisha sauti yake ya kwaya, lakini alikuwa ameishusha. "Leo utabaki hapa, tuishushe hii sukari, daktari akuone. Vidonge unaanza tena. Na chakula kile kile nilichokwambia."

"Na kilo?" Esnath aliuliza. "Niambie ukweli, sista. Siku ile nilikucheka."

"Ukweli ni ule ule. Nusu kilo kwa wiki. Kuna wiki utapungua, kuna wiki mshale utakaa pale pale na hutajua umekosa nini. Kuna wiki utapanda kidogo kwa sababu umekunywa maji mengi au umevaa sweta. Nadhani zile wiki mbili za kwanza, ulipokula kwa ngumi, ulikuwa umepungua hiyo nusu kilo au zaidi kidogo. Ulikuwa unakwenda vizuri kabisa, mama. Hukuiona tu."

"Nusu kilo," Esnath alirudia. Safari hii hakucheka. "Nilikuwa nayo, nikaikimbia."

"Ulitishwa na kumi za viazi."

Aron aliinamisha kichwa. Hakuna aliyemsaidia.

"Mpaka Krismasi nitakuwa nimefika themanini," Esnath alisema ghafla. Alikuwa ameshika mkono wa nesi. "Nakuahidi. Nitajitesa, utaona. Nimeonja kifo, sista, sitaki kukirudia. Themanini, naapa."

Feliciana akautoa mkono wake taratibu, akauweka juu ya mkono wa Esnath, akautuliza kama anavyotulizwa kuku kabla ya kupimwa.

"Usiniahidi hiyo. Hiyo ni ile ile kilo kumi kwa wiki mbili, umeivisha nguo nyingine tu. Krismasi ni miezi minne. Mwili wako haukusikii unapoapa, na ukifika Krismasi uko tisini na moja, na hiyo ni kazi kubwa ya kupigiwa makofi, wewe utajiona umeshindwa. Utaogopa tena. Na wewe ukiogopa, mama Yohanes, tumeshaona unachofanya."

Kwenye chumba cha pili mtoto alilia kwa kuchomwa sindano, akabembelezwa. Hofu ilikuwa bado imekaa tumboni mwake; haikuwa imekwenda popote, ilikuwa imepungua kidogo tu, labda nusu kilo. Alijua itakuwa naye kwenye meza kesho, na kesho kutwa, kila atakapokunja ngumi juu ya sahani na kuona jinsi ilivyo ndogo.

"Basi nikuahidi nini?" aliuliza. "Lazima niahidi kitu. Nikirudi nyumbani mikono mitupu nitakula."

"Ahidi kitu ambacho miguu yako inaweza."

Esnath alifikiri. Alimtazama Aron, akaitazama mizani ya kliniki, ile nyeupe isiyo na kilio. Kisha akakaa wima, akasema kwa sauti ambayo benchi zima la nje liliisikia:

"Dada Feliciana, kila Alhamisi nitakuja hapa. Nikiwa nimepungua nitakuja, nikiwa nimeongezeka nitakuja, na siku nitakayoogopa sana ndiyo nitakuja mapema kuliko wote. Nakuahidi."